Mbio Zilizopita Kila Mlango

"Unga wako huu, uchukue!"

"Wangu? Mama Cletus, mimi unga nasongea ugali. Kama kwako umezidi mpaka mnaumwaga chini, hongereni sana."

"Hongera ya nini? Umeamka na giza, ukamwaga uchafu wako mpakani, saa hizi unanipa hongera!"

"Mpakani wapi? Mpaka ni ule mpapai. Unga uko huko kwako. Hayo macho unayatumia au umeyaweka pambo?"

"Uko huku kwangu kwa sababu umeufagilia huku kwangu!"

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, kwa hiyo Tereza hakulijibu. Alikamata ufagio wake vizuri, akainama, akausukuma tena ule unga kuelekea kwa jirani, safari hii pamoja na majani makavu na kinyesi cha bata kama nyongeza. Matilda, ambaye Ilungamo nzima ilimwita Mama Cletus, alikuwa na jembe. Akauzoa unga, bata na yote, akaurudisha ulikotoka.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mwezi wa nane, mwaka wa tisini na sita, kwenye njia panda iliyotenganisha nyumba zao: njia moja inapanda Mlima wa Msalaba, nyingine inateremka kisimani. Hapo katikati ndipo Tereza alipokuta unga mweupe umechorwa kama mshale, ncha inatazama juu mlimani. Au, ukisimama aliposimama Tereza, inatazama dirisha la chumba chake cha kulala.

Sasa, Ilungamo ni kijiji cha watu wa dini. Jumapili kigango kinajaa mpaka wengine wanasikilizia misa dirishani. Lakini unga wa njia panda ni unga wa njia panda. Haujimwagi wenyewe. Aliyeumwaga ama analisha mababu zake, ama anamtumia mtu kitu. Na kwa kuwa hakuna Mkristo hata mmoja pale anayekubali kwamba bado analisha mababu, lilibaki hilo la pili.

"Leo mimi na wewe tunafika kwa balozi wa nyumba kumi," alisema Matilda.

"Twende hata sasa hivi. Nimemwona balozi mwenyewe anaumwagia maji wa kwake."

"Na yeye kamwagiwa?"

"Mlangoni kabisa."

Matilda akashusha jembe. Habari ya kwamba balozi naye amerogwa ilikuwa tamu mno kuipita hivihivi, na kidogo wasahau ugomvi wakae chini waichambue. Lakini kabla hawajafika mbali akatokea Gaudensi, anasukuma baiskeli yenye mfuko wa rambo mtupu kwenye usukani. Gaudensi alikuwa katibu wa michezo wa kata, kijana mwenye filimbi shingoni hata anapokwenda kuoga. Uso wake asubuhi hiyo ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

"Mama zangu," alisema, "nani kagusa njia?"

"Njia gani?"

"Njia ya mbio! Mbio za kesho! Jana jioni nimezunguka milima yote hii na miguu yangu, nimeweka alama kila penye njia panda. Sasa hivi nimepita, hakuna hata moja. Kwa Malale wa ng'ombe nakuta jivu juu yake. Kwa balozi maji. Hapa nakuta..." Akainama kuangalia. "Hiki ni cha bata?"

Wanawake wawili wakatazamana.

"Sisi tulifikiri ni uchafu," alisema Tereza.

"Tukasafisha," alisema Matilda, mara moja amekuwa upande wa jirani yake. "Si unajua wageni wanakuja. Kijiji kiwe safi."

"Wengine huweka alama kwa chokaa," alisema Gaudensi kwa uchungu. "Mimi chokaa sina. Nimeomba unga jikoni shuleni, na wenyewe wamenipa kwa masimango. Alama gani nyingine nyeupe mnaijua nyie?"

Hakuna aliyemtajia. Maana nyeupe zote walizozijua zilikuwa na maana nyingine.

*

Hizo mbio zilikuwa zimemkosesha Tereza usingizi mwezi mzima. Mkwe wake, Suzana, alikuwa mmoja wa watakaokimbia. Suzana alikuwa mke wa Sylvanus, mwana pekee wa Tereza, aliyekuwa kibarua Sitalike kwenye kazi za hifadhi na kurudi nyumbani akikumbuka. Walimwoa kwao Mpimbwe, na waliporudi naye watu wakamsifu: mrefu, mkimya, mpole. Hakuna aliyewaambia kwamba anakimbia. Kisimani anakwenda mbio. Mashineni anakwenda mbio, na debe kichwani. Alfajiri, kabla ya kufagia, anapanda Mlima wa Msalaba mpaka juu na kuteremka upande wa pili, kisha anarudi anatweta na kucheka peke yake. Watu wakauliza anafukuzwa na nini. Matilda, kwa wema wake, akawa anawajibu: "Mkiishi na yule mama mkwe hata nyie mtakimbia."

Tereza alijaribu kila dawa. Alimwambia mwanamke akikimbia sana tumbo la uzazi linalegea. Alimwambia ng'ombe wa Malale wanashtuka na maziwa yanakauka. Alimwambia padri hapendi. Padri alipopita akaulizwa, akasema anapenda sana, tena hata yeye alipokuwa seminari alikuwa anakimbia. Tereza hakumpelekea tena kuku padri huyo.

Halafu ikaja habari kwamba Jumamosi watakimbia wasichana wa wilaya nzima hapo hapo Ilungamo, kwa sababu ya milima yake, na wa kwanza ataingia timu ya wilaya kwenda Sumbawanga. Suzana akaomba ruhusa. Tereza akaitoa kisimani, mbele ya kadamnasi, ili kusiwe na maneno baadaye.

"Ukiwa wa kwanza, kimbia. Kimbia mpaka Sumbawanga, mpaka Ulaya ukitaka, sitafungua mdomo wangu tena. Ukiwa wa pili, mkwe wangu, mbio basi. Zile raba alizokuletea Sylvanus zinaingia jikoni kuwashia moto, na wewe unaingia jikoni kufanya kazi kama watoto wa wenzako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama," alisema Suzana, akajitwisha ndoo yake, na kwa heshima akatembea mpaka alipopita kona. Hapo wakasikia miguu inaanza.

*

Gaudensi aliwaeleza njia upya, pale pale penye kinyesi cha bata. Wataanzia uwanja wa shule, watapanda Mlima wa Msalaba kwa njia ile ya Ijumaa Kuu, watateremka nyuma mpaka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, watavuka kijito, watapanda Kilima cha Nyani, halafu watarudi kwa mgongo wa mlima, juu kabisa ya nyumba, mpaka shule tena. Suzana anaijua, alisema. Alikwenda naye wiki iliyopita kuipima, na yeye Gaudensi alikuwa na baiskeli na bado aliachwa.

"Kwa hiyo kwenye milango ya watu hawapiti?" aliuliza Tereza.

"Hawapiti. Hizi za huku zilikuwa za kuwaonyesha wageni pa kupandia. Wakimbiaji wanapita juu, mgongoni."

"Na mgeni wa wilaya, huyo mwamuzi?"

"Bwana Eustace? Atazunguka. Na kamera anayo."

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Gaudensi akaondoka na unga kidogo alioombaomba hapo, kwenda kuchora upya huko mgongoni ambako hakuna wa kufagia, na neno "kamera" likabaki njia panda likaanza kutembea. Mpaka saa nne lilikuwa limefika kisimani. Mpaka mchana lilikuwa limerudi likiwa limenenepa. Mtu alikuwa ametoka sokoni Kashaulili, Mpanda mjini, na huko Kashaulili alikuwa amesikia kwa mtu anayefahamiana na dereva, kwamba mbio ni geresha tu. Wilaya inatafuta pa kupitisha barabara. Watakapopita wale wasichana ndipo itakapopita barabara, na panapopita barabara panachimbwa na kisima cha pampu. Picha zinapigwa kwa ajili hiyo. Zinapelekwa juu.

"Ndiyo maana wakaja milimani," alisema Matilda. "Nani anatoka mjini kuja kuangalia watu wanatoka jasho?"

Tereza alisikiliza akiwa ametazama paa la nyumba yake. Lilikuwa bati. Bati jipya, Sylvanus alilituma mwezi wa sita, na upande ule wote wa mlima zilizobaki zilikuwa nyasi. Jua la saa tisa likilipiga, mpaka watu wa Kilima cha Nyani walikuwa wanafumba macho; walilalamika, naye akawaomba radhi kwa furaha. Bati kama lile, na kamera inapita nyuma ya mlima!

*

Jumamosi, jua halijatoka sawasawa, Suzana alikunywa uji, akafunga raba zake, akapiga goti kumuaga mama mkwe, akaenda shule. Tereza alimwombea kwa Bikira Maria, kwa moyo wote, bila kutaja aombacho. Kisha akaingia jikoni, akachukua ungo wa unga wa muhogo na mahindi alioutwanga Suzana juzi, akatoka nao.

Alianzia kule juu njia inapoacha mgongo. Akamwaga mstari mzuri, mweupe, unateremka, unaingia uani, unapita mbele ya nyumba palipo na bati zuri zaidi, unazunguka jiko, unatoka upande wa mpapai. Alikuwa anarudi kinyumenyume, ameinama, alipogongana makalio kwa makalio na mtu mwingine aliyekuwa anarudi kinyumenyume, ameinama.

Wote wawili wakanyooka. Matilda alikuwa na bakuli.

"Umeamkaje, Mama Sylvanus?"

"Salama, Mama Cletus. Unalisha kuku?"

"Nalisha kuku. Na wewe?"

"Kuku."

"Haya. Siku njema."

Kuku wa Ilungamo walilishwa vizuri asubuhi ile kuliko siku nyingine yoyote. Jua lilipopanda, mtu aliyesimama uwanja wa shule aliona milima yote imechorwa nyuzi nyeupe, zinashuka kutoka mgongoni kwenda kwa kila mtu: kwa balozi, kwa katekista, kwenye zizi la Malale, mpaka kwa yule mzee kiziwi aliyekuwa hajasikia habari ya barabara lakini aliona wenzake wanamwaga. Kijiji kilichokuwa kinaomba chakula cha msaada tangu Pasaka!

Bwana Eustace alishuka kwenye Landrova, mnene, mwenye kofia, saa ya kuhesabia mbio mkono mmoja na kamera tumboni. Alitafutiwa kiti, akawekewa kivulini pale shuleni, akakaa. Na hapo akabaki mpaka mbio zikaisha. Kama kuna mtu Ilungamo aliyemwona Bwana Eustace akizunguka mlima na kamera yake siku hiyo, basi alimwona ndotoni.

"Njia imewekwa unga," aliwatangazia wasichana waliojipanga. "Fuateni unga. Asiyefuata unga hana mbio."

Gaudensi alitazama milimani, akafungua mdomo. Bwana Eustace alikuwa ameshapiga filimbi.

*

Tereza hakwenda shule. Alikaa mlangoni chini ya bati lake na kitenge cha Krismasi, jogoo tayari amechemka jikoni kwa ajili ya mgeni, akasubiri kamera.

Wa kwanza kutokea alikuwa msichana wa Kashaulili, mwenye viatu vya misumari na kaptura inayong'aa. Akateremka kama mshale, akaingia uani, akazunguka jiko mara moja, halafu mara ya pili.

"Shikamoo mama. Njia inatokea wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Pale kwenye mpapai. Mwenye kamera yuko nyuma?"

"Kamera gani?"

Akatoka, akapita mpapai, na unga ukamwingiza kwa Matilda, ambako alikutana na kata ya togwa. Tereza alimsikia Matilda akimwambia kunywa kwanza, barabara haikimbii. Wakafuata watatu wa shule moja. Akafuata Gaudiose, binti wa Katumba, mwenye mwendo mzuri kweli, lakini kwao walikuwa wamemlea vizuri kupita kiasi: kila mlango alisimama, akainama, akasalimia, akauliza habari za nyumbani na za shamba, akajibu za kwao, akaaga, ndipo akaendelea. Milima ile ina milango mingi. Mwingine alipita anafukuzwa na mbwa wa balozi. Mwingine alipita ameshika karanga za kuchemsha, anamenya.

Suzana hakupita.

Tereza alisimama. Akaenda mpaka mpapai, akachungulia juu. Hakuna mtu. Labda ameanguka, aliwaza, na miguu ikaanza kupanda mlima yenyewe, akajikemea. Akianguka si ndiyo mwisho wa mbio? Si ndilo alilokuwa akilitaka? Alikuwa bado anajikemea aliposikia makelele kutoka shuleni, na mtoto wa mtu akipita njiani anapiga kelele kwamba mkwe wake Mama Sylvanus amefika zamani, amefika peke yake, na sasa kuna kesi.

*

Suzana alikuwa amesimama katikati ya uwanja, vumbi mpaka magotini, mikono nyuma. Wasichana wengine walikuwa wanaendelea kufika kwa makundi, wengine wanatembea. Mwalimu wa yule wa Kashaulili alikuwa amekasirika mpaka sauti imepanda.

"Haiwezekani! Watoto wangu wamepita kila uchochoro wa kijiji hiki, mmoja kaingizwa mpaka bafuni kwa watu, huyu peke yake kapita njia ya mkato!"

"Binti," alisema Bwana Eustace kutoka kwenye kiti, "umepita wapi?"

"Msalabani, kwenye mabani, kijitoni, Kilima cha Nyani. Nikarudi kwa mgongo wa mlima."

"Na huu unga unaoteremka majumbani hukuuona?"

"Niliuona."

"Nilisemaje kuhusu unga?"

"Ulisema tuufuate." Suzana alitazama chini. "Nimefuata wa katibu."

"Ni kweli, mheshimiwa!" Gaudensi alipenya mbele, filimbi inaruka kifuani. "Wangu unapita mgongoni tu. Huu mwingine siujui, nimeuona leo kama wewe ulivyouona!"

"Basi nani kaumwaga?"

Gaudensi akatazama wanakijiji. Wanakijiji wakatazama mambo yao. Balozi akapata kikohozi. Malale, aliyejua ng'ombe kuliko kitu kingine duniani, ghafla alivutiwa sana na wingu.

"Wewe binti, unajua?"

Suzana hakuinua macho. Lakini Tereza, aliyekuwa amefika mbele kwa viwiko, aliona yanapotazama. Yalitazama pindo la kitenge cha Krismasi. Na pindo lilikuwa jeupe.

Tereza alilikunja haraka. Umechelewa, mama, alijiambia. Ule unga mtoto aliutwanga kwa mikono yake. Aliuchekecha, akauanika, akauchekecha tena. Alipoukuta pale njia inapoacha mgongo asingeujua? Hata gizani angeujua. Alisimama pale juu, akaona unga wa nyumbani kwao, akaona na mkono wa aliyeumwaga, na akajipitia zake. Na sasa lilibaki neno moja tu la kusema ili ashinde, na hakuwa analisema. Mkwe hamwaibishi mama mkwe mbele za watu. Hilo alifundishwa. Alifundishwa na Tereza mwenyewe, wiki ile ya kwanza ya ndoa, tena kwa ukali.

Bwana Eustace alifuta jasho. "Mimi sina siku nzima. Nasema hivi. Aliyemwaga unga wake ajitokeze aseme. Mmoja anatosha. Mmoja akisema, nitajua unga wa katibu umeingiliwa, na huyu binti ndiye wa kwanza. Asiposema mtu, basi unga wote ni njia, na huyu kakata. Namfuta."

Watu wakatazama miguu yao. Hata mbwa wa balozi alikaa.

Tereza alipiga hesabu zake, na zilikuwa nzuri. Akinyamaza, hana aibu. Akinyamaza, raba zinakwenda jikoni, na Suzana anakaa nyumbani kama watoto wa wenzake, kwa ahadi aliyoitoa mwenyewe mbele ya watu. Hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji tu kufunga mdomo, na ingawa hakuwa na mazoezi ya jambo hilo, alikuwa tayari kujifunza.

Angefaulu, kama si Matilda.

"Kumbe ndiyo yale mazoezi ya alfajiri," Matilda alimwambia aliyekuwa karibu naye, kwa sauti ya kumfikia aliye mbali. "Alikuwa anajifunza njia za mkato. Na kwa mama mkwe kama yule, angejifunza uaminifu kwa nani?"

Watu wakacheka kidogo. Tereza akageuka. Akamwona Matilda, vidole vina unga mpaka kwenye pete, anacheka. Akageuka tena, akamwona Suzana amesimama vilevile, mikono nyuma, anafutwa, na hasemi.

"Mimi," alisema Tereza.

"Nani?"

"Mimi hapa. Mama Sylvanus. Unga nimemwaga mimi, leo asubuhi, wa muhogo na mahindi. Nimewapitisha kwangu, nikawazungusha na jiko." Alishusha pumzi. "Nilitaka bati langu lipigwe picha."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika Katumba. Watu walishikana. Mwanamke mmoja aliketi chini kabisa akapiga mikono ardhini. Tereza alisimama katikati yake, kidevu juu, pindo jeupe limeachiwa, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Huo ni mlango mmoja!" alisema yule mwalimu wa Kashaulili. "Huyu binti karuka milango ishirini!"

Bwana Eustace alisita. Alitazama milima, akatazama nyuzi nyeupe, na Tereza akaona anaanza kufikiri, jambo ambalo hakulipenda. Akamgeukia jirani yake.

"Mama Cletus," alisema kwa upole kabisa. "Kuku wako walishiba?"

Matilda aliacha kucheka. Alificha mikono. Alimtazama Tereza, naye Tereza akatazama ilikofichwa. Akamsubiri tu.

"Haya, na mimi," alisema Matilda. "Na mimi nimemwaga. Lakini ijulikane, jamani, wangu ulikuwa sembe. Sembe ya mashine! Siyo huo wa muhogo."

"Sembe gani, wakati ulikuwa wa njano?" alisema katekista nyuma. "Sembe ilikuwa ya kwangu!"

"Ya kwako mstari ulikatika," alisema Malale. "Mimi nilizungusha zizi lote."

Baada ya hapo haikuwa kazi ya kuwafanya waseme bali ya kuwanyamazisha. Kila mtu alitaka ijulikane kwamba mstari wake ndio ulikuwa mzuri. Balozi alikuwa wa mwisho, na alisema alimwaga kwa niaba ya chama. Bwana Eustace aliinuka kitini kwa mara ya kwanza siku hiyo, akamshika Suzana mkono, akauinua. Wa kwanza. Sumbawanga. Akampiga picha pale pale chini ya goli, picha moja, kwa kuwa filamu ilikuwa inakwisha, na nyuma yake hakukuonekana bati la mtu wala nyasi ya mtu. Halafu akapanda Landrova akaenda kula Mpanda.

*

Walirudi nyumbani Tereza mbele, Suzana nyuma, wanatembea. Pale kwenye mpapai Tereza akasema bila kugeuka:

"Uliujua."

"Niliutwanga mimi, mama."

"Na hukusema."

"Ningesemaje, mama?"

Tereza alitembea kidogo. "Raba hizo," alisema, "zimetoboka kidoleni. Nitamwambia Sylvanus atafute nyingine. Mtu haendi Sumbawanga na kidole nje, watasema kwetu hatuna kitu."

Jikoni jogoo alikuwa tayari tangu asubuhi, amelainika kwa kusubiri mgeni ambaye hakuja. Suzana alifunua chungu cha unga, akachungulia, akasogea pembeni kwa adabu. Tereza naye akachungulia. Chungu kilikuwa kitupu, kimefagiliwa. Suzana akanyoosha mkono kuchukua mchi.

"Weka chini," alisema Tereza. "Leo hutwangi."

Akatoka nje. Upande wa pili wa njia panda Matilda alikuwa na ufagio, anazoa sembe yake ya njano, kuku wamemzunguka wanamsaidia.

"Mama Cletus!"

"Nini tena? Nafagia kwangu! Angalia mpapai!"

"Umebakiza unga?"

"Upo kidogo. Ule ambao kuku hawakuupata."

"Mimi nina jogoo mzima na sina cha kumlia."

Matilda alinyooka taratibu, mkono kiunoni. Harufu ilikuwa imeshamfikia zamani. Pua yake haikuwahi kuchelewa habari. "Sasa hapo unaniomba unga," aliuliza, "au unanikaribisha?"

"Yote mawili. Walete na wanao, na ukimwona balozi njiani mwite, tusikie vizuri hiyo habari ya kumwaga kwa niaba ya chama. Karibu ndani tule." Tereza alishika mlango ukawa wazi. "Ila huo ufagio, jirani, uache upande wako."